Tatizo haliko kwenye waraka: violezo na makro zinazoivuruga Word

Unafungua Word ili uandike barua, na ukurasa uliotarajia uwe mweupe unakuja na kichwa cha barua cha shule ya Mukono ambayo huijui hata lango. Au printa inawasha taa na kudai karatasi ya Letter ilhali trei imejaa A4. Au jioni unafunga kazi, Word inakuuliza kama ihifadhi mabadiliko ya Normal, nawe hujawahi kugusa kitu chenye jina hilo. Katika vibanda vya kuchapa vya Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, na katika maduka ya Nasser Road mjini Kampala, maelezo ya yote hayo huwa mamoja: mashine ina virusi. Fundi anaitwa, anaiondoa Office, anaisakinisha upya, analipwa, anaondoka. Kesho yake kichwa cha barua kiko palepale.

Kinarudi kwa sababu faili inayokileta haikai ndani ya Office. Iko kwenye folda za mtumiaji wa kompyuta, na ukiiondoa Office faili hiyo haiguswi. Office mpya inapoingia inaikuta pale, inaitambua kama yake, na maisha yanaendelea. Kwa hiyo kusakinisha upya, dawa ambayo wengi huanza nayo, ni miongoni mwa dawa dhaifu kabisa kwa ugonjwa huu, na ndiyo inayokula muda na bando kuliko zote.

Vurugu za namna hii zina makao manne tu. Inaweza kuwa waraka wenyewe, kiolezo (template) ambacho waraka huo umeunganishwa nacho, kiolezo kikuu kiitwacho Normal, au programu jalizi (add-ins), yaani programu ndogo za kuiongezea Word kazi, zinazopakiwa Word inapowaka. Kazi yote ni kujua ni makao gani, na hilo hujulikana kwa kupima.

Kalibu na tofali

Kila waraka wa Word huzaliwa kutoka kwenye kiolezo. Usipochagua kimoja, Word hukuchagulia, na kiolezo hicho ni faili ya Normal.dotm (enzi za Word 2003 kurudi nyuma ilikuwa Normal.dot). Mfyatua matofali ataelewa upesi: kalibu ikiwa na ufa, kila tofali hutoka na alama ileile, na hata ukikwangua matofali mia, la mia na moja litatoka nayo.

Ila mfano huo unaishia hapo, kwa sababu kiolezo hubeba vitu vya tabia mbili tofauti. Maandishi, ukubwa wa karatasi, pambizo, fonti na mitindo ya aya hunakiliwa kwenye waraka mara moja tu, waraka unapoundwa. Baada ya hapo waraka unajitegemea. Makro, njia za mkato za kibodi na vipande vya maandishi vilivyohifadhiwa havinakiliwi. Hubaki kwenye kiolezo na kufanya kazi kutokea hukohuko. Vikiwa kwenye Normal, vinafika kwenye kila waraka unaoufungua, hata ule ulioandikwa miaka kumi kabla Normal hiyo haijaharibika.

Ukishaelewa tofauti hiyo, swali moja linakufikisha nusu ya njia: je, kasoro iko kwenye nyaraka mpya peke yake, au na za zamani pia? Zikiwa mpya peke yake, kilichoharibika ni umbo. Zikiwa zote, kilichoharibika ni mwenendo, na mwenendo maana yake makro au programu jalizi.

Makro yenyewe si uchawi. Ni msururu wa amri zilizoandikwa kwa lugha ya VBA ili Word ifanye yenyewe kazi ambayo ungeifanya kwa mkono. Nyingi ni za heri: karani anayetoa ankara zenye sura moja kila wiki ana haki ya kuwa na makro. Tatizo ni majina. Makro ikiitwa AutoOpen, hujiendesha waraka unapofunguliwa. AutoNew hujiendesha waraka mpya unapoundwa, AutoClose unapofungwa, AutoExit Word inapozimwa, na AutoExec Word inapowaka, kabla hujagusa chochote. Kuna na hila nyingine ambayo wengi hawaijui: makro ikipewa jina la amri ya Word yenyewe, mathalani FileSave au FilePrint, basi ukibonyeza kuhifadhi au kuchapa, Word huiendesha hiyo makro badala ya amri yake ya asili. Ndiyo maana mtu anaweza kubonyeza kitufe anachokijua miaka yote kikafanya jambo asilolitarajia, na akaapa kwamba kompyuta imerogwa.

Pima kwanza

Funga Word kabisa. Hakikisha kwenye Task Manager kwamba WINWORD.EXE haijabaki nyuma, maana mara nyingine dirisha hufungwa huku programu ikiendelea chinichini. Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike:

winword /a

Acha nafasi kabla ya mkwaju. Amri hii huiwasha Word bila Normal yako na bila violezo vya jumla, yaani vile vinavyopakiwa kila Word inapowaka. Tatizo likitoweka, limo kwenye Normal au kwenye vitu vinavyopakiwa wakati wa kuwaka. Likiendelea, waache hao wawili. Angalia waraka wenyewe na kiolezo chake, au toka nje ya Word kabisa: dereva ya printa, fonti isiyokuwepo kwenye mashine ile, kibodi iliyobadilishwa lugha.

Wengi wanaijua njia ya kushikilia Ctrl wakati wa kuwasha Word, ambayo huleta hali salama. Nayo inafaa, hasa Word inapokataa kuwaka kabisa. Kwa uchunguzi, binafsi naipendelea /a, kwa sababu hali salama huzima mambo mengi kwa mpigo, zikiwemo orodha za kusahihisha tahajia na mapendeleo yako, hata usijue lipi kati yake lilikuwa mkosaji.

Kama /a imekuonyesha kwamba kosa liko huko ndani, usikimbilie Normal. Anza na folda ya STARTUP. Watu wengi hufanya kinyume: mtu amesoma mahali kwamba dawa ni kufuta Normal.dotm, anaifuta, anapoteza kila alichokiweka humo kwa miaka, kisha tatizo linarudi baada ya dakika mbili kwa sababu aliyekuwa akiichafua Normal yuko jirani yake. Normal ndiyo ghali kuipoteza, basi iwe ya mwisho.

Folda ya STARTUP

Bonyeza tena Windows na R, uandike %appdata%\Microsoft\Word\STARTUP. Kiolezo chochote kilichomo humo hupakiwa kila Word inapowaka, bila kukuuliza. Ipo na folda ya pili yenye jina hilohilo ndani ya folda ya Office, chini ya Program Files, ambayo huwahusu watumiaji wote wa mashine. Ikiwa ofisi yenu imehamisha njia hizi, Word yenyewe itakuonyesha zilipo: File, Options, Advanced, shuka hadi chini kabisa kwenye File Locations.

Si kila unachokikuta humo ni adui. Mwanafunzi anayetumia Zotero kupanga marejeo atakuta Zotero.dotm, na akiifuta, kichupo cha Zotero kitatoweka kwenye Word wiki ya kuwasilisha tasnifu. Kwa hiyo usifute. Hamishia vilivyomo kwenye folda nyingine, mezani kwa mfano, kisha uiwashe Word. Tatizo likiondoka, rudisha kimoja kimoja hadi lirudi.

Humu ndimo linamotoka lile tangazo linalowatisha watu kila wanapowasha Word, linalosema kuna kosa la ukusanyaji kwenye moduli iliyofichwa: Compile error in hidden module. Linasikika kama kidonda kikubwa. Kwa kawaida ni kiolezo cha zamani, cha programu ya PDF au ya marejeo, kilichoandikwa enzi za Office ya biti 32, ambacho sasa kimejikuta ndani ya Office ya biti 64. Amri zake hazieleweki tena huku. Moduli inaitwa iliyofichwa kwa sababu mtengenezaji aliifunga kwa nywila, basi. Tafuta toleo jipya la programu hiyo. Na ikiwa huitumii tena, iondoe yote.

Zipo pia programu jalizi zisizokaa kwenye folda hiyo. Hizo huonekana kwenye File, Options, Add-ins. Chini pale chagua COM Add-ins, bonyeza Go, uondoe alama za tiki, uwashe upya. Mengine ni yaleyale.

Normal yenyewe

Iko kwenye %appdata%\Microsoft\Templates. Na hapa kuna mtego mmoja unaoeleza nusu ya matengenezo yaliyoshindikana. Ukiibofya Normal.dotm mara mbili, Word haiifungui. Inaunda waraka mpya unaotokana nayo. Unaona kile kichwa cha barua cha watu, unakifuta, unahifadhi, unafurahi. Kumbe umehifadhi waraka mwingine kabisa na kiolezo hakijaguswa. Ili uifungue yenyewe, bofya kwa kitufe cha kulia na uchague Open, au ifungue kutoka ndani ya Word. Utajua umefika ukiona jina Normal.dotm juu ya dirisha na si Document1.

Kichwa hicho kilifikaje humo? Kwa mkono wa binadamu, mara nyingi. Mteja alitaka barua zake ziwe na sura moja, mhudumu akaihifadhi kazi yake kama kiolezo na kukipa jina la Normal. Fonti hubadilika kirahisi zaidi: kwenye dirisha la fonti kuna kitufe cha Set As Default, na ukikibonyeza Word inakuuliza kama unataka badiliko hilo liwe kwa waraka huu peke yake au kwa nyaraka zote zinazotokana na Normal. Mtu mwenye haraka huchagua la pili. Kwenye kompyuta ya kibanda inayokaliwa na wateja asubuhi hadi usiku, mshangao ni kwamba Normal haiharibiki mara nyingi zaidi.

Suala la Letter na A4 nalo liko hapahapa. Normal iliyozaliwa kwenye Windows yenye mipangilio ya Marekani kwa kawaida hutoka na karatasi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279. A4 tunayonunua Kampala ina 210 kwa 297. Kompyuta nyingi hapa hufika na mipangilio hiyo ya Marekani na hakuna anayeibadilisha, basi printa inasubiri karatasi ambayo hakuna duka mtaani linaloiuza. Mhudumu huvumilia kwa kubonyeza kitufe cha printa kila mara. Afadhali afungue dirisha la Page Setup, achague A4, kisha abonyeze Set As Default. Nyaraka za zamani zitabaki na Letter yao, kwa sababu ile niliyokwisha kuieleza: ukubwa wa karatasi hunakiliwa mara moja tu.

Wanaoandika Kiswahili wana kero yao ya ziada: ukurasa mzima umepigiwa mistari myekundu kana kwamba mwandishi hakwenda shule. Kazi hiyo inaongezeka. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, kwa hiyo walimu wanachapa mitihani na maandalio ya somo kwa lugha ambayo Normal ya mashine yao haiijui. Lugha ya kusahihisha nayo hukaa kwenye Normal. Nenda Review, Language, Set Proofing Language, chagua Kiswahili, bonyeza Set As Default. Kamusi yake hupakuliwa pembeni; hata usipoipakua, angalau Word itaacha kukipima Kiswahili kwa mizani ya Kiingereza.

Kisha lile swali la jioni la kuhifadhi mabadiliko ya Normal. Likija mara moja baada ya kubadilisha fonti, halina neno. Likija kila siku bila wewe kugusa chochote, basi kuna programu jalizi inayoandika kitu ndani ya Normal kila Word inapowaka au kuzimwa, na inayotafutwa utaipata kwa njia ya STARTUP na COM Add-ins niliyoieleza. Wapo wanaokushauri ulizime swali lenyewe kwenye Options, Advanced, kwa kuondoa tiki ya Prompt before saving Normal template. Sikubaliani nao. Kengele hiyo ndiyo pekee inayokuambia kwamba kuna mkono ndani ya kiolezo chako; ukiizima, mkono unaendelea na kazi bila kelele. Na kama tiki hiyo haipo kwenye mashine yako, iweke.

Ikiwa umeshathibitisha kwamba Normal ndiyo mkosaji na huwezi kuisafisha, usiifute. Funga Word, ibadilishe jina iwe Normal-ya-zamani.dotm, uwashe Word, nayo itajiundia mpya. Ulichokuwa nacho hakijapotea: kuna dirisha liitwalo Organizer linaloweza kuhamisha mitindo na makro kutoka kiolezo kimoja hadi kingine, kwa hiyo unachukua unachokihitaji na kukiacha kibovu. Njia zako za mkato za kibodi, hata hivyo, utazipanga upya.

Umeme ukikatika Word ikiwa wazi, huenda ukakuta baadaye Word inadai kwamba Normal inatumiwa na mtu mwingine au haifunguki. Kabla ya kuihukumu, tazama kwenye folda hiyo kama kuna faili ndogo iliyofichwa yenye jina linaloanza na ~$. Hiyo ni alama ambayo Word huweka kuonyesha faili iko mikononi mwake, na safari hii haikupata nafasi ya kuiondoa. Word ikiwa imefungwa, ifute hiyo ndogo.

Tasnifu iliyobadilika njiani

Sasa tuje kwa /a iliyokwambia kwamba Normal na STARTUP hazina hatia. Hapa kuna visa viwili vinavyostahili kutazamwa.

Kwanza, waraka unaochukua dakika nzima kufunguka. Nyaraka zilizotoka ofisini, kwenye wizara au shirika lenye seva yake, mara nyingi zimeunganishwa na kiolezo kilichoko kwenye mtandao wa ndani, kwa njia inayoanza na mikwaju miwili ya nyuma na jina la seva. Ukiupeleka waraka huo nyumbani Ntinda, Word bado inaitafuta seva ile, inasubiri, inakata tamaa, ndipo inafungua. Nenda File, Options, Add-ins, chini chagua Templates, bonyeza Go. Njia utaiona juu. Ifute, andika Normal, hifadhi. Ukiwa na faili mia tatu za namna hiyo, dawa nzuri ni makro.

Pili, na hiki ndicho kinachotoa watu machozi: tasnifu ilikuwa na kurasa 84 kwa Times New Roman, umeifungua kibandani ili uichape, imekuwa ya kurasa 79, fonti nyingine, vichwa vya sura vimebadilika rangi. Kwenye dirisha lilelile la kiolezo kuna kisanduku kinachosema Automatically update document styles. Kikiwa na tiki, waraka hautegemei tena mitindo iliyonakiliwa siku ya kwanza. Kila unapofunguliwa, unachukua mitindo ya kiolezo unachokikuta, na ikiwa umeunganishwa na Normal, basi ni Normal ya mashine ile ulipo. Nyumbani kwako Normal ina Times New Roman. Kibandani ina Calibri, ambayo Word iliifanya fonti ya kawaida kuanzia toleo la 2007, au Aptos, iliyoichukua nafasi yake kwenye matoleo ya karibuni. Waraka mmoja, sura tofauti kila kibanda. Ondoa tiki hiyo kabla ya kutoka nyumbani. Na ukienda kuchapa, beba PDF, si faili ya Word. Sijui kwa nini jambo hili bado linahitaji kusemwa.

Ndugu wa kisa hicho ni mtindo wa aya wenye tiki ya Automatically update: unakoleza mstari mmoja, na aya zote zenye mtindo uleule zinakolea. Hakuna makro hapo, wala virusi. Bofya mtindo huo kwa kitufe cha kulia, Modify, ondoa tiki.

Na kama ni virusi kweli

Hofu ya watu haikutoka hewani. Mwaka 1995 makro iliyoitwa Concept ilienea duniani kwa nyaraka za Word, na ujanja wake ulikuwa haohao tuliouona: AutoOpen ya kujinakili kwenye Normal, na FileSaveAs ya kuchafua kila utakachohifadhi. Enzi hizo makro ziliweza kukaa kwenye violezo tu, kwa hiyo waraka uliochafuliwa uligeuzwa kuwa kiolezo kimyakimya. Tarehe 26 Machi 1999 ikaja Melissa, iliyojituma yenyewe kwa anwani 50 za kwanza kwenye programu ya barua pepe ya Outlook ya kila aliyeifungua. Mwandishi wake, David L. Smith wa Marekani, alihukumiwa kifungo cha miezi 20 mwaka 2002. Nayo ilijipandikiza kwenye Normal.

Tangu Office 2007 mambo yalibadilika. Faili ya .docx haina mahali pa kuweka makro. Zenye makro huitwa .docm, na violezo vyenye makro .dotm. Ukihifadhi waraka wa zamani wa .doc kama .docx, makro zake huachwa nje. Kubadilisha herufi za mwisho za jina tu hakusaidii, kwa sababu Word hutazama kilichomo.

Lakini .docx si malaika. Ina uwezo wa kuelekeza kwenye kiolezo kilichoko mbali, na kiolezo hicho kinaweza kuwa na makro. Wahalifu huitumia njia hiyo: waraka safi kabisa unaopita kwenye ukaguzi wa barua pepe, ambao ukifunguliwa unakwenda kuchukua .dotm kwenye tovuti fulani. Ukiwa na shaka, nakili faili, badilisha mwisho wa jina la nakala uwe .zip, ufungue, uingie word, kisha _rels. Ikiwemo faili ya settings.xml.rels, ifungue kwa Notepad. Ukikuta humo anwani ya http ya tovuti usiyoijua, waraka huo usiufungue kwa Word.

Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia kabisa makro za faili zilizotoka intaneti. Utaona utepe mwekundu usio na kitufe cha kuruhusu. Ni hatua nzuri, ila ina tundu ambalo Kampala tunalipitia kila siku bila kujua. Word hujua kwamba faili imetoka intaneti kwa sababu Windows huibandika alama iliyofichwa wakati wa kupakua. Alama hiyo hukaa kwenye diski za mfumo wa NTFS pekee. Flashi zetu nyingi ni za FAT32 au exFAT, ambazo haziwezi kuibeba. Faili ikipakuliwa kwenye mgahawa wa intaneti, ikawekwa kwenye flashi, ikapelekwa ofisini, inafika bila alama. Utepe mwekundu hauji. Unakuja wa njano wenye kitufe cha Enable Content, na mtu anabonyeza kwa mazoea. Ndiyo sababu faili ileile hukataa kwenye mashine moja na kukubali kwenye nyingine. Na ukishabonyeza, Word huukumbuka waraka huo kuwa umeaminiwa, haiulizi tena.

Folda za Templates na STARTUP zina hali ya kipekee: Word huziamini tangu mwanzo. Makro iliyofika humo haiulizwi lolote, hata ukiwa umezima makro zote kwenye mipangilio. Ndiyo maana virusi vya makro hukimbilia Normal, na ndiyo maana utaratibu wa kusafisha una mpangilio wake. Kata intaneti. Hamisha vilivyomo STARTUP, badilisha jina la Normal, na ufanye hivyo kabla ya kufungua waraka wowote. Nenda File, Options, Trust Center, zima makro zote bila taarifa, na kwenye Trusted Documents bonyeza Clear ili Word isahau ilichowahi kuamini. Hapo ndipo uanze kufungua nyaraka za zamani, moja baada ya nyingine, ukizihifadhi kama .docx na kuziweka kando zile za asili. Ukiruka hatua, waraka mmoja wa .doc uliosahauliwa kwenye flashi ya karani utaichafua Normal mpya, na utaanza upya.

Ili uone kwa macho, bonyeza Alt na F11. Upande wa kushoto kuna orodha ya kila kiolezo na waraka ulio wazi. Fungua Modules na ThisDocument chini ya Normal. Kwa mtu ambaye hajawahi kuandika makro, pasiwe na kitu humo.

Zile faili za flashi zinazogeuka kuwa njia za mkato, ambazo kila mtu Kampala amewahi kuziona, ni habari nyingine. Huo ni mnyoo wa Windows, yaani programu hasidi inayojisambaza yenyewe, haukai Word, na kubadilisha Normal hakuutikisi.

Kwa wanaotumia LibreOffice, ramani ni ileile kwa majina mengine: Help, Restart in Safe Mode hufanya kazi inayofanana na ya /a, na kiolezo cha kawaida hurejeshwa kutoka kwenye dirisha la Templates.

Mashine ya wengi

Mwenye kibanda hawezi kumfundisha kila mteja. Njia rahisi ni kutengeneza Normal moja safi, yenye A4, fonti na lugha unazozitaka, na kuiweka mahali ambapo wateja hawafiki, tuseme D:\safi. Kisha kwenye Notepad andika mstari mmoja, uuhifadhi kama faili ya .bat:

copy /y D:\safi\Normal.dotm "%appdata%\Microsoft\Templates"

Iweke kwenye folda inayofunguka ukiandika shell:startup kwenye lile dirisha la Windows na R. Kila asubuhi mtumiaji anapoingia, Normal ya jana inafunikwa na ile safi, pamoja na vichwa vya barua vya watu vyote. Wahudumu waambiwe mapema, kwa sababu na chao walichohifadhi humo kitafunikwa vilevile. Anayetaka kiolezo cha mteja wa kudumu akihifadhi kwa jina lake mwenyewe, kisiitwe Normal. Na ikiwa mashine zako zina ile programu inayorudisha kila kitu kama kilivyokuwa baada ya kuzimwa, izime kwanza, fanya usafi wote, ndipo uirudishe. Vinginevyo itakurudishia kwa uaminifu uleule Normal chafu uliyoifungia ndani.